Hodi ya Tatu

Msambweni
12 Januari 2025

Kwako mwanangu Twaiba,

Amani iwe nawe huko Kitale, wewe na watoto na Feisal. Sisi huku tu hai. Shangazi yako Maimuna goti lake la kushoto limekataa ngazi, siku hizi anapanda barazani kwa ubavu kama kaa, lakini akiambiwa apumzike anakuwa mkali. Mwanarusi wa jirani amemwoza binti yake wa mwisho. Pilau lilizidi chumvi, nami nililila lote.

Mimi figo zimechoka. Daktari wetu hapa ni mtoto mstaarabu, alikuwa akizunguka maneno. Nikamwambia mimi nimewapa watoto wa watu habari mbaya kwa miaka ishirini na minane, namjua mtu anayetafuta pa kuanzia. Akacheka, kisha akaniambia. Habari za kusafishwa damu nimezikataa kwa umri huu. Kwa hiyo hesabu ni ya miezi.

Sasa jambo la furaha. Kombe, ambaye ndiye mlezi wa wanafunzi pale chuoni siku hizi, kama nilivyokuwa mimi, alikuja Alhamisi na barua ya mkuu wa chuo. Wamejenga bweni jipya la wasichana, ghorofa tatu, vyumba tisini, lina tangi lake lenyewe la maji. Wanataka kuliita Bweni la Mwanaima Boga. Sherehe ni Jumamosi tarehe kumi Mei, nikifika. Nataka uketi kando yangu. Baba yako angekuwa hai ningemtaka yeye.

Kombe alipokuwa akinywa chai alikutaja mara mbili. Eti wanakisoma kijitabu chako cha namna ya kumpokea mwanafunzi aliyefiwa. Nikamwambia hiyo kazi nilikufundisha mimi. Akasema, naam, Mama, bila shaka. Sikuipenda ile bila shaka. Akasema pia kwamba ofisi yako haina mlango. Ni kweli? Wanafunzi wakitaka kulia, wanalilia wapi?

Kuna jambo nataka kukuambia uso kwa uso. Usikose kuja.

Shangazi yako,
Mwanaima


Kitale
9 Februari 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia siku kumi na mbili baada ya kuipeleka posta, na niliisoma nikiwa nimesimama. Kwa nini hukupiga simu? Nimelia, kisha nimempigia daktari wako, naye kweli ni mstaarabu, hakuniambia lolote hadi nilipomwambia mimi ni nani wako. Nimemtumia Shangazi Maimuna kitu cha nauli za hospitali. Mwambie asikwambie kimekwisha kabla hakijakwisha.

Watoto wanakusalimu. Feisal ana kikohozi cha baridi ya huku. Mimi tangu Novemba nimepewa ofisi nzima ya ulezi wa wanafunzi katika chuo chetu cha huku, wanafunzi elfu nne na zaidi. Sikukuandikia kwa kuwa sikujua namna ya kukuandikia.

Hongera kwa bweni. Ulilifanyia kazi. Wanafunzi wengi pale walilala kitandani kwa sababu ulipigana wapate vitanda, na nimewaambia watoto wangu hivyo.

Sherehe sitakuja. Wiki hiyo tuna uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, na mlezi hawezi kuuacha. Hata kama uchaguzi usingekuwepo, Shangazi, unajua nilivyoondoka pale. Sijakanyaga tena, wala sitakanyaga. Msambweni nitakuja Agosti tukifunga chuo.

Mlango ni kweli. Fundi aliung'oa wiki ya kwanza nilipopewa ofisi yangu mwenyewe. Nimetundika pazia zito, na nyuma kuna chumba kidogo cha wanaotaka kulia. Sababu usiniulize.

Wako,
Twaiba


Msambweni
26 Februari 2025

Mwanangu Twaiba,

Natumai Feisal amepona kikohozi, na kwamba baridi imewapa nafasi. Huku tunaungoja mwezi wa Ramadhani. Maimuna amekwisha kununua tende, na kwa kuwa daktari amenikataza kufunga, ameapa kunilinda kama askari jela. Sijala mchana wa Ramadhani tangu nilipokuwa msichana mdogo. Naona haya hata mbele ya kuku.

Umesema nisiulize sababu ya mlango. Siulizi, kwa kuwa ninaijua. Nilitaka kukuambia ukiwa umeketi mbele yangu, lakini Agosti ni mbali na mimi si wa Agosti. Maimuna amejitolea kuniandikia mkono huu unapotetemeka, nimemkatalia. Hili liandikwe na mkono uliolifanya.

Nilikuonea wivu. Nimeandika maneno hayo mawili kisha nikapumzika mpaka adhuhuri.

Nilikulea tangu ndugu yangu Alamin alipofariki, wewe ukiwa na miaka tisa. Nilikusomesha, na mwaka 2006 nilipokuleta chuoni uwe msaidizi wangu, nilipita nawe kwenye ukumbi ule wa ofisi kama mtu anayemtoa mwari nje. Mwaka haukwisha kabla sijaanza kuhesabu wanaoingia kwako. Unayakumbuka mabenchi mawili, moja mlangoni kwangu na moja mlangoni kwako? La kwangu lilikuwa tupu. Nikaamrisha feni ifungwe juu ya benchi langu. Kesho yake lilijaa. Nikaketi ofisini nimejipanga, namngoja wa kwanza. Hakuingia mtu. Walikuwa wakipigwa na upepo wangu huku wakingoja zamu ya kwako.

Mimi ndiye niliyegombana na wakubwa kwa ajili ya vitanda vyao na maji yao na mikopo yao. Mimi nilikaa na wagonjwa wao hospitali, na wawili niliwasindikiza makaburini. Lakini mimi nilikuwa Madam. Wewe uliketi ukasikiliza, ukawa Da Twaiba. Mwisho wa mwaka 2008 walikupa wewe doti ya leso na mimi saa ya ukutani. Uliivaa leso ile siku tatu mfululizo. Nilidhani unanionyesha. Leo najua uliipenda tu.

Sasa ile Ijumaa, tarehe kumi na sita Oktoba 2009. Nitaiandika yote ili usije ukasema shangazi aliruka mahali.

Wanafunzi walikuwa na hasira juu ya maji. Wasichana walikuwa wakiteka maji ng'ambo ya uwanja kwenye giza, na mmoja alishambuliwa. Wewe ulikaa na mwenyekiti wao, Mwendwa, mkaagana. Walete malalamiko yao kwa maandishi Ijumaa saa nane, baada ya swala, wewe uyagonge mhuri wa ofisi kwamba yamepokewa, nao wangoje wiki moja kwa utulivu. Bila mhuri kufika alasiri, wangeandamana. Yalikuwa mapatano mazuri. Mimi nisingeyapata. Na hilo ndilo lililoniuma.

Asubuhi nikakutuma Kwale, ofisi ya elimu, ukalete faili. Ukaniambia, "Shangazi, saa nane nina wanafunzi." Nikakujibu nitaketi mimi ofisini kwako na mhuri, nitawapokea. Faili lile lingeweza kungoja hata Jumatatu. Nilitaka niwe mimi nitakayegonga mhuri ule. Hilo tu, naapa. Nilipoketi kwenye kiti chako sikuwa na nia nyingine.

Ulikuwa umeiweka pale desturi ya nyumbani kwetu, kwamba mtu abishe hodi mara tatu, asipojibiwa arudi alikotoka. Ukawafundisha hata watoto wa bara, wale wa mashamba ya Shimba Hills, waliozoea kugonga na kuingia kwa pamoja. Mwendwa ulimrudisha nje mara mbili mpaka akaijua, nami nilicheka nikiwa kwangu.

Saa nane na dakika chache nikasikia viatu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nikafungua mdomo niseme karibu.

"Hodi, Da Twaiba. Ni Mwendwa."

Jina lako likaufunga mdomo wangu.

"Hodi, Da Twaiba. Tumeleta ile barua, kama tulivyoagana."

Nikajiambia, akibisha hodi tupu, bila jina, nitaitika. Twaiba, nilikuwa na miaka sitini. Nilikuwa na shahada mbili na wajukuu wa watu walinibusu mkono. Nikangoja mtoto yule aache kusema jina lako.

"Hodi, Da Twaiba," akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo. Kisha karatasi ikapenya chini ya mlango na viatu vikaondoka.

Niliikunja nikaitia mkobani. Nikajiambia nitaigonga mhuri Jumatatu nikutane nao mimi mwenyewe. Alasiri walikuwa wamevunja madirisha ya utawala, na magharibi bohari ya jikoni ilikuwa ikiwaka moto.

Ulipouliza kama Mwendwa alikuja, nilisema hakuja mtu. Kamati ya nidhamu ilipouliza, nilisema hivyo hivyo. Mtoto akasema alibisha hodi mara tatu. Wakamuuliza mbona hakusukuma mlango. Akasema alifundishwa asisukume. Walicheka, wewe ulikuwepo. Akafukuzwa. Wewe mkataba wako ukaachwa ufe kwa kuwa uliahidi bila idhini ukaondoka kituoni, nami sikusema kwamba nilikutuma. Mimi niliongezwa miaka miwili ya kazi kwa kutuliza chuo.

Karatasi yenyewe ni hii niliyoitia ndani. Imekaa nyuma ya ile saa ya ukutani muda wote huu. Sikuweza kuichoma wala kuisoma zaidi ya mara moja.

Ninakuomba radhi kabla sijaondoka. Sina cha kukupa kwa hilo.

Mwanaima


Msambweni
6 Aprili 2025

Mwanangu Twaiba,

Idi imepita salama, Mungu azipokee funga zenu. Maimuna alipika mahamri akagawa mtaa mzima, na Mwanarusi akarudisha sahani ikiwa na samaki. Miguu yangu imevimba, sivai tena viatu, navaa kandambili za marehemu mume wa Maimuna.

Najua barua imefika, maana niliipeleka kwa basi na ulitia sahihi. Siku ya Idi Maimuna alikupigia, Feisal akapokea akasema uko kazini. Kazini siku ya Idi. Nilimwambia Maimuna akate simu, mtoto wa watu asilazimishwe kudanganya kwa ajili yetu.

Una elfu nne wa kuwajibu, na mimi ni mmoja. Nimejikuta nikiwaonea wivu hao pia, watoto nisiowajua, kwa kuwa wanapita pazia lako wakitaka. Unaona ugonjwa huu haukuishia kwenye figo.

Hata ukiniandikia matusi nitayasoma.

Mwanaima


Kitale
21 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Watoto wazima, Feisal mzima. Mvua zimeanza, wakulima wanapanda.

Siku ya Idi nilikuwa ofisini kweli. Nilikwenda nikaketi nyuma ya pazia, kwenye kile chumba kidogo. Feisal hakudanganya.

Barua yako nimeisoma, na ya Mwendwa nimeisoma mara nyingi zaidi kuliko yako. Ni ukurasa mmoja. Ameandika mambo matatu, tangi, taa ya uwanjani, na mlinzi wa kike. Mwisho ameandika, tunamwamini Da Twaiba. Amesaini yeye na wengine sita, na chini wameacha nafasi ya mhuri. Wameizungushia duara kwa penseli ili nisikosee.

Wewe umeniomba radhi kwa ajili yangu. Hujaandika chochote juu yake zaidi ya kwamba alifukuzwa. Umelieleza jambo zima kana kwamba lilikuwa baina yako na mimi, na yeye ni viatu vilivyopita.

Sasa nami nikuambie nisilowahi kumwambia mtu, hata Feisal. Siku ya kamati Mwendwa alinigeukia mbele ya wote. Akasema, "Da Twaiba, wewe unajua mimi nikisema nimekuja, nimekuja." Na mimi nilijua. Ndani ya moyo nilijua kama ninavyolijua jina langu. Nikaangalia chini nikasema, shangazi yangu hasemi uongo. Wewe ulikuwa umeketi mkono wangu wa kulia, ukanishika mkono. Nilidhani unanipa nguvu.

Ndiyo sababu ya mlango. Sikuung'oa kwa ajili ya wanafunzi. Niliung'oa kwa kuwa kila nilipomsikia mtu akibisha nilimwona yule kijana akinigeukia.

Ulifanya kwa wivu. Mimi nilifanya kwa adabu, kwa kuwa ni wewe uliyenilea. Sijui lipi baya zaidi. Na katika haya yote, kuna bweni lina tangi lake lenyewe la maji, na juu ya mlango wake wanataka kuandika jina lako.

Sikuambii ufanye nini. Radhi zangu usiziombe sasa.

Twaiba


Msambweni
12 Mei 2025

Mwanangu,

Natumai uchaguzi wa wanafunzi wako umepita bila mawe. Maimuna amepata dawa ya goti kwa mtu wa Diani, inanuka hadi barabarani, anasema inamfaa. Mimi sasa nalala nikiwa nimeegemea mito mitatu, nikilala chali pumzi inapotea.

Barua yako ilinikasirisha siku mbili. Siku ya tatu nikaomba kalamu.

Nilimwandikia mkuu wa chuo kurasa mbili, na nakala kwa Kombe, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe, faili, kiti, hodi, karatasi. Nikaomba jina langu lisiandikwe popote, na kwamba Mwendwa atafutwe, arudishiwe heshima yake kwa maandishi. Maimuna ndiye aliyeipeleka. Alipojua imebeba nini, usiku ule alinipikia uji bila kunitazama.

Kombe akaja mwenyewe, ikiwa imebaki wiki moja. Alikuwa ameshika barua kama mtu aliyeshika samaki wa jana. Akaniambia kwa upole kwamba kadi zimekwisha kutoka, wageni wameitika, mambo haya ni ya kale, tuache sherehe ipite kwanza ndipo tutazame. Nikamwambia akiificha barua yangu nitamtuma Maimuna aisome mbele ya wageni, na goti lake hilo hilo. Kutoka uani Maimuna akasema, "Nitasoma." Ndilo neno la kwanza alilosema juu ya jambo lile.

Sherehe haikufanyika. Kibao kilikuwa kimekwisha kupigwa rangi, wamekishusha. Mwanarusi hapiti tena kwa njia ya barazani. Wanafunzi wangu wa zamani wawili walipiga simu, mmoja akalia, mwingine akaniuliza kama na yeye nilimfanyia lolote. Nikamwambia simkumbuki, na hilo lilimuudhi zaidi.

Nitakuambia jambo la mwisho kwa kuwa nimeahidi kutoruka. Kombe alipokuwa akiondoka nilimuuliza kama bweni sasa litaitwa jina lako. Akasema hapana, litakaa bila jina. Nilifurahi. Mungu anisamehe, Twaiba, nilikuwa nimeegemea mito mitatu na jina langu likiwa limeshushwa ukutani, na nilifurahi. Kisha aibu ikaja, ilichelewa lakini ilikuja.

Hukuniambia nifanye nini. Hilo nilikufundisha mimi, kutomwambia mwanafunzi la kufanya. Au labda ulilijua mwenyewe.

Mwendwa sijui yuko wapi. Unamjua mtu anayejua?

Mwanaima


Kitale
9 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai Idi ya kuchinja imewakuta salama, na kwamba pumzi imekupa nafasi. Mwambie Shangazi Maimuna nimeisikia sauti yake katika barua yako nikacheka peke yangu kwenye basi.

Basi hilo lilikuwa la Mombasa. Nilishuka Samburu ya Kwale, Kombe aliponielekeza.

Mwendwa ana duka la dawa za mifugo pale barabarani. Ana mke, Mbithe, na watoto watatu. Ameota mvi hapa mbele. Nilisimama nje ya duka lake, mlango uko wazi kabisa, na sikuweza kuingia wala kubisha hodi. Alikuwa akimweleza mzee mmoja jinsi ya kumnywesha mbuzi dawa. Alipomaliza akaniona, akasema, "Da Twaiba, unataka dawa ya ng'ombe au ya mbuzi?"

Chuo kilikwisha kumwandikia. Wamemwita mbele ya kamati mpya, na wamemwambia akitaka anaweza kumalizia mwaka uliobaki. Alicheka sana kwa hilo, akasema aende kulala bwenini na watoto waliomzidi binti yake kidogo tu. Barua ya kumsafisha anaitaka, lakini si kwa ajili yake. Mama yake, Mama Kaluki, bado yu hai, na miaka yote hii amekuwa akiwaambia watu wa Shimba Hills kwamba mwanawe hakuchoma kitu.

Nilimpa ile karatasi yake. Alilitazama duara la penseli akatikisa kichwa. Nikamwomba msamaha kwa jibu langu la siku ya kamati. Akaniuliza nitakunywa chai, nikanywa.

Baadaye, nikiwa nimesimama kuondoka, ndipo aliposema. Alisema muda huu wote hajafikiri kwamba aliyekuwa ndani alimsikia. Alidhani hakupaza sauti ya kutosha. Hadi leo akifika mahali anabisha hodi kwa nguvu, mkewe humcheka, humwita kengele. Kisha akauliza jambo moja tu, na nilimwambia sijui, nitakuuliza wewe. Anataka kujua kama siku ile mlango ulikuwa umetiwa komeo.

Radhi zangu bado sina, Shangazi. Ninazitafuta, na nadhani nitaziona karibu. Lakini Ijumaa tarehe ishirini nitakuja Msambweni, na yeye amekubali kuja nami. Tutafika saa nane, baada ya swala. Mimi nitasimama njiani. Atakayebisha hodi ni yeye.

Twaiba


Msambweni
14 Juni 2025

Mwanangu Twaiba,

Sisi tu hai, na Maimuna ananunua nazi kana kwamba anakuja gavana. Barua hii naituma kwa dereva wa basi ninayemwamini, ikuwahi kabla hujaondoka.

Mwambie Mwendwa mlango haukuwa umetiwa komeo. Ulikuwa umerudishwa tu. Angeuegemea kwa kidole ungefunguka, angenikuta nimeketi na mhuri mkononi. Asije akafikiri ni komeo lililomzuia. Na umwambie kwamba sauti yake ilisikika, hodi zote tatu.

Sauti yangu sasa ndiyo ndogo. Kutoka chumbani haifiki barazani, kwa hiyo nimemwambia Maimuna anihamishie kitanda sebuleni. Mwanarusi alisikia tunavuta kitanda akaja kusaidia. Alishika upande wa miguuni.

Leo asubuhi nilijizoeza. Maimuna alikwenda akasimama nje, akabisha kwa sauti ya kiume, mwanamke huyu hana haya, nami nikajibu. Mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili alisikia kidogo. Nikanywa maji, tukarudia.

Amezoea kuita jina lako, na pengine ataliita tena, ulimi una mazoea yake. Mwambie asijikaze kulibadilisha. Aseme hodi, Da Twaiba, kama alivyofundishwa. Nitaitika mimi.

Shangazi yako,
Mwanaima